Nusu saa ya afya: Kampala ilivyojifunza kuzungumza na mfanyakazi wakati wa chakula

Saa saba mchana, Kikuubo haipumziki. Wapagazi wanapenya katika uchochoro ule mwembamba wakiwa na katoni za sabuni na biskuti mabegani, wakipiga kelele ili wapishwe njia. Akina mama wenye sinia vichwani wanapita duka hadi duka wakigawa matoke, posho na maharage katika sahani zilizofunikwa. Muuzaji anakula nyuma ya kaunta akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kijiko, mwingine ukihesabu noti za mteja aliyefika asubuhi na basi kutoka Bunia au Juba. Sahani ikiisha, kazi inaendelea.

Katika saa hiyo hiyo, kwenye baadhi ya ofisi za Nakasero na viwanda vya upande wa Barabara ya Jinja, kuna desturi nyingine. Siku moja katika mwezi, wafanyakazi hukusanyika kwenye chumba cha chakula kabla ya kushika sahani. Nesi au daktari huzungumza kwa nusu saa kuhusu presha, kisukari, kifua kikuu au saratani. Pembeni huwekwa meza yenye mashine ya kupimia, na anayetaka hupimwa. Kisha watu hula na kurudi kazini.

Kati ya wafanyakazi hao na muuzaji wa Kikuubo hakuna tofauti kubwa ya mwili. Wote hukaa au kusimama saa nyingi, hula kwa haraka na huishi na mawazo ya fedha. Tofauti yao ni nusu saa. Mmoja ana mtu aliyemtengea muda wa kuijua afya yake, na mwingine hana. Mji wa Kampala una historia ndefu ya nusu saa hiyo, na historia yenyewe inawahusu sana watu wanaovuka mipaka kwa biashara.

Ugonjwa uliopita njia ya magendo

Mwaka 1982, katika mwalo wa Kasensero wilayani Rakai, ukingoni mwa Ziwa Victoria na karibu na mpaka wa Tanzania, watu walianza kukonda na kufa bila waganga kujua sababu. Kasensero haukuwa mwalo wa samaki peke yake. Katika miaka ile ya uhaba iliyofuata utawala wa Idi Amin, ulikuwa pia njia ya magendo: kahawa ikitoka, na sabuni, nguo na vifaa vikiingia. Kwa sababu waliougua wengi walikuwa wachuuzi, majirani waliamini kuwa ni kisasi cha watu wa ng'ambo waliodhulumiwa katika biashara. Waganda waliuita ugonjwa huo "silimu", kutokana na neno la Kiingereza la wembamba.

Upande wa pili wa mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983. Huko ugonjwa uliitwa Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Kwa hiyo kila upande uliutazama mzigo wa mwenzake na kusema maradhi yamo humo. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walichapisha taarifa ya kitaalamu iliyoonyesha kuwa silimu ni ule ugonjwa uliokuwa umeanza kujulikana duniani, yaani Ukimwi.

Mwaka uliofuata, 1986, mambo mawili yalitokea. Mwezi Mei, Waziri wa Afya wa Uganda, Ruhakana Rugunda, alisimama Geneva mbele ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani na kukiri kwamba nchi yake ina Ukimwi, wakati serikali nyingi zikiona aibu kulitaja jambo hilo. Mwezi Septemba, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare, Fidel Castro alimpa Rais Yoweri Museveni habari nzito: kati ya wanajeshi 60 wa Uganda waliokwenda Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi. Museveni mwenyewe ameisimulia habari hiyo mara nyingi hadharani.

Habari ile ya Harare ilikuwa habari ya mahali pa kazi. Waliopimwa walikuwa waajiriwa wa jeshi, vijana wenye nguvu na mishahara, na hakuna aliyekuwa amehisi lolote. Ilikuwa wazi kwamba kumsubiri mgonjwa aje hospitalini ni kuchelewa. Ilibidi maneno yamfuate mtu mahali anaposhinda mchana.

Dereva wa lori na tarishi wa ofisi

Mwaka 1987, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa viungo katika Hospitali ya Mulago aliyefiwa na mumewe kwa Ukimwi mwezi Januari mwaka huo, aliungana na wenzake wachache kuanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ugonjwa huo. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo dereva wa lori, wanajeshi, tarishi wa ofisi, mhasibu, nesi na mwalimu. Wengi wao walikuwa wameambukizwa. Walianza kwa kukutana tu, wakizungumza, wakifarijiana na kupeana habari.

Orodha ile ya kazi zao inaeleza kwa nini shirika lilisikilizwa. Dereva aliweza kuzungumza na madereva kwa lugha ya barabarani, akijua usingizi wa kwenye kibanda cha lori na upweke wa foleni ya mpakani. Tarishi aliweza kumwambia tarishi mwenzake jambo ambalo lingesikika kama dharau likisemwa na bosi.

Mwaka 1988, Shirikisho la Waajiri Uganda, FUE, lilianza mpango wa elimu ya Ukimwi katika makampuni wanachama wake. Njia iliyotumika ilikuwa kuwachagua wafanyakazi wa kawaida, kuwafundisha, kisha kuwarudisha kazini wawe waelimishaji wa wenzao. Waajiri walikuwa wamekwisha kuona hasara: fundi aliyechukua miaka kumi kuzoea mashine anazikwa, mrithi wake anafundishwa, naye anaugua. Kuwapa watu muda mfupi wa mazungumzo kazini kuligharimu kidogo kuliko jeneza na usafiri wa msiba.

Mwaka 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya alirudi kutoka Sweden na kutangaza hadharani kwamba ana Ukimwi. Miezi iliyombakia aliitumia kuzunguka shuleni, makanisani na kwenye mikusanyiko, akisimama mbele ya watu huku mwili wake ukionekana unavyopungua. Alifariki Desemba 15 mwaka huo. Kabla yake wengi walisema ugonjwa ni uvumi. Baada yake, watu walianza kutaka kujua hali zao, na wengine wakaenda benki ya damu ya Nakasero kujitolea damu, shabaha yao ikiwa ni kupata majibu. Haja hiyo ndiyo iliyozaa Kituo cha Habari za Ukimwi, AIC, kilichofunguliwa Kampala mwaka 1990, mahali pa kwanza kusini mwa Sahara ambapo mtu aliweza kupimwa kwa hiari bila kutaja jina.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kliniki ya wajawazito ya Hospitali ya Nsambya, karibu mama 3 kati ya 10 walikutwa na virusi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu 1 kati ya 10. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu za kushuka huko, na vifo vingi vilivyotokea navyo vina sehemu yake ya huzuni. Hata hivyo, wengi wanakubaliana kwamba Waganda walizungumza: nyumbani, makanisani, misikitini, sokoni na kazini. Habari ilipita kutoka mdomo hadi sikio, kwa watu waliofahamiana.

Adui wa leo hana kelele

Leo mazungumzo ya saa saba hayahusu Ukimwi peke yake. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2014 kwa watu wazima wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 walikuwa na shinikizo la damu. Hiyo ni zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne. Namba iliyofuata ndiyo ya kutisha zaidi: kati ya hao wenye presha, asilimia 7.7 tu ndio waliokuwa wakijua. Waliobaki walikuwa wakienda kazini, wakipakia mizigo, wakipanda mabasi ya usiku kwenda Kigali, Nairobi na Mwanza, bila habari.

Presha haiumi. Kichwa kinaweza kuuma siku moja na kutulia, na mtu akasema ni jua au ni uchovu wa safari. Huku ndani, mishipa ya damu inazidi kukakamaa, moyo unasukuma kwa nguvu kupita kiasi, figo zinachoka. Siku ishara inapokuja, mara nyingi huja kwa jina la kiharusi.

Kwa mfanyabiashara wa mipakani, kiharusi kina hasara mbili. Ya kwanza ni ya mwili, na hiyo inajulikana. Ya pili haisemwi sana. Biashara nyingi za Kikuubo, za Owino, za Busia na za Mpondwe hazimo kwenye vitabu. Zimo kichwani mwa mtu mmoja. Yeye ndiye anayejua nani anadaiwa, nani alichukua mali kwa maneno tu, wakala yupi wa forodha ni mwaminifu, na mteja wa Goma hulipa tarehe ngapi. Ulimi ukifungwa asubuhi moja, mtaji wote unafungwa nao. Watoto wanabaki na funguo za duka wasijue deni liko kwa nani. Wadaiwa hukumbuka taratibu. Wadai hufika siku hiyo hiyo.

Hilo ndilo linaloipa nusu saa ya mchana thamani yake. Kipimo cha presha huchukua dakika chache na hakihitaji sindano. Kati ya maradhi makubwa yote, hili ndilo jepesi zaidi kulikamata mapema mahali pa kazi, ilimradi mtu atengewe kiti cha kukalia.

Nusu saa inavyopangwa

Mazungumzo mazuri ya afya kazini yana utaratibu usio mgumu. La kwanza ni muda. Yanapofanywa, yachukue sehemu ya saa ya mwajiri, na saa ya chakula ya mfanyakazi ibaki yake. Ikiwa mapumziko ni ya saa moja, basi siku hiyo yaongezwe nusu saa. Mtu aliyenyimwa chakula ili asikilize mawaidha juu ya lishe hatasikia kitu zaidi ya tumbo lake.

La pili ni mada moja kwa siku. Mzungumzaji anayeanza na presha, akapita kwenye malaria na kumalizia na saratani, huwaacha watu na maneno mengi yasiyoshikika. Kikao cha presha kinatosha kuacha mambo matatu vichwani: namba, chumvi na dawa.

Namba ni mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu hiyo moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Chini ya 120 kwa 80 ni salama kwa watu wengi. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, mtu anapaswa kumwona daktari. Kipimo kimoja kilichopanda si hukumu. Aliyetoka kupanda ngazi, aliyegombana na dereva wa bodaboda, aliyevuta sigara au kunywa kahawa muda mfupi uliopita, au aliyebanwa na haja ndogo, anaweza kupata namba ya uongo. Ndiyo maana mpimwaji anatakiwa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa nne, na mkono ukiwa usawa wa moyo. Meza ya vipimo katikati ya foleni ya chakula, watu wakisukumana na kucheka, hutoa namba zisizo na maana.

Chumvi nayo ina kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, pamoja na ile iliyokwishatiwa na mpishi. Hapa mama anayepika ndiye mwenye usemi kuliko daktari. Kikao kinachomwalika mpishi wa kantini, au yule anayeleta sinia sokoni, kinaweza kubadili chakula cha watu arobaini kwa siku moja. Mahali ambapo kopo la chumvi limeondolewa mezani na kuwekwa kwa mpishi, anayeitaka inabidi ainuke kuifuata, na wengi huona uvivu.

Dawa ndiyo sehemu inayowaangusha wengi. Mtu anaanza vidonge, namba inashuka, anajiona amepona, anaacha. Dawa ya presha huishikilia namba pale ilipo, na kwa wengi ni ya kudumu. Mzungumzaji anayelisema hili bila kutisha, na kulirudia, amefanya kazi kubwa.

La tatu katika utaratibu ni mlango wa kutokea. Haifai kumwambia mtu kwamba presha yake iko 170 kisha kumwacha arudi kwenye mashine ya kushona. Mwandalizi ajue kabla ya siku ile kituo gani cha afya kiko karibu, siku gani kina kliniki, na nani atampokea atakayetumwa. Kwa wanaofanya kazi katikati ya mji, Kituo cha Afya cha Kisenyi, kinachosimamiwa na Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, kiko hatua chache kutoka kwenye vituo vya mabasi na masoko. Wagonjwa wa moyo waliozidiwa hufikishwa kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Huduma katika vituo vya serikali ziliondolewa ada mwaka 2001, ingawa dawa zinapokosekana mgonjwa hujikuta akizinunua duka la jirani.

Na kuna mgeni wa kuchunguzwa mlangoni. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki wamezuka wauzaji wa virutubisho wanaojitolea kutoa "semina ya afya" bure mahali pa kazi. Dakika kumi za mwanzo ni mafunzo, ishirini zinazofuata ni bei za makopo. Mwandalizi anayejali watu wake hukataa mzungumzaji yeyote mwenye bidhaa mkobani.

Majibu ni ya nani?

Swali lililowasumbua Waganda tangu miaka ya 1980 halijaondoka. Nesi akishapima, karatasi inakwenda kwa nani? Mfanyakazi akihisi kwamba ofisi ya utumishi itaiona, hatapima, au atapima na kuishi kwa hofu ya mkataba wake kutoongezwa.

Sheria iko upande wa mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kazini, na kati ya mambo inayoyataja ni hali ya mtu kuhusu virusi vya Ukimwi pamoja na ulemavu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya watu wake wakiwa kazini. Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika mwongozo wake wa mwaka 2001 na pendekezo lake namba 200 la mwaka 2010, lilisisitiza kwamba asilazimishwe mtu kupima virusi ili apate au abakie na kazi, na kwamba habari za afya yake ni siri.

Sheria peke yake haimtulizi mtu. Kinachomtuliza ni mambo madogo anayoyaona kwa macho: pazia kati ya meza ya kupimia na wenzake, karatasi anayopewa mkononi mwake, na meneja ambaye ama hayupo chumbani au yupo kwenye foleni akisubiri kupimwa kama wengine. Mwajiri anayetaka kujua hali ya kampuni yake apewe hesabu ya jumla tu, kwamba wamepimwa watu kadhaa na kadhaa wametumwa kituoni, bila majina.

Sokoni hakuna bosi

Yote hayo yanadhani kwamba kuna mwajiri. Wafanyabiashara wengi hawana. Mwenye kibanda ndiye bosi, mfanyakazi na mlinzi. Akifunga nusu saa, mteja anakwenda kibanda cha pili. Je, nani atamtengea muda?

Masoko ya Kampala yamewahi kuonyesha kwamba yanaweza kujipanga yakibanwa. Mwishoni mwa Machi 2020, wakati wa korona, Rais Museveni aliagiza kwamba wauza vyakula wanaotaka kuendelea na biashara walale sokoni kwa siku 14 badala ya kurudi makwao na uwezekano wa kuambukiza. Akina mama wa Nakasero na masoko mengine walitandika chini ya meza za mboga, katika vyandarua, mvua ikinyesha. Katika majira hayo hayo madereva wa malori walisubiri kwa siku nyingi Malaba, Busia na Mutukula majibu ya vipimo yatoke, wakinyooshewa vidole kama wale wachuuzi wa Kasensero miaka karibu arobaini kabla. Mwaka 2022 Ebola ilipozuka Mubende na kufika Kampala, ndoo za kunawia zilirudi milangoni mwa maduka.

Kila mara, dharura ilipokwisha, vikao vya afya navyo vilikwisha. Presha haina dharura, kwa hiyo haina ndoo mlangoni wala tangazo la kipaza sauti. Inahitaji kitu kingine ambacho wafanyabiashara tayari wanacho: vikundi. Karibu kila safu ya soko ina kikundi cha kuweka na kukopa, chenye mwenyekiti, mweka hazina na siku ya kukutana. Kikundi ambacho wanachama wake wanadhaminiana mikopo kina sababu ya fedha ya kujali afya ya kila mmoja, kwa kuwa akianguka mmoja, wengine hulipa. Mashine ya kupimia ya mkononi ikinunuliwa na watu thelathini, mchango wa kila mmoja ni mdogo. Mhudumu kutoka kituo cha afya cha serikali anaweza kuombwa aje siku ya mkutano, na mwanachama mmoja afundishwe kupima wenzake mara kwa mara, kama walivyofundishwa waelimishaji wa viwandani mwaka 1988.

Kuna pia suala la lugha. Mazungumzo mengi ya afya Kampala hufanywa kwa Kiganda au Kiingereza. Mteja wa Kikuubo aliyetoka Beni, mpagazi aliyetoka Arua na dereva aliyetoka Mombasa hukutana kwenye Kiswahili, lugha ambayo Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Julai 2022 iwe lugha rasmi ya nchi, mwezi ule ule Kongo ilipokamilisha kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mambo mengine hayahitaji hata tafsiri. Mswahili husema presha, Mganda husema "puleesa". Mmoja husema sukari, mwenzake "sukaali". Na wote husema saa saba, kwa sababu Waganda nao huhesabu saa kuanzia macheo.

Daftari moja, nchi nyingi

Katika vituo vya afya vya serikali Uganda, mgonjwa huja na daftari la shule. Daktari huandika humo tarehe, vipimo na dawa, na mgonjwa huondoka nalo. Wengine huona ni dalili ya umaskini wa hospitali. Kwa mtu anayelala Kampala Jumatatu na Kisumu Jumatano, ni hazina. Namba ya presha iliyoandikwa Kisenyi inasomeka vile vile Busia ya Kenya, Bukoba au Bunia. Jina la kitaalamu la dawa, tofauti na jina la kiwanda, ni moja kila nchi, na muuza dawa wa upande wa pili akilisoma anaweza kumpa mgonjwa kitu kile kile.

Msafiri mwenye presha anayeondoka na daftari lake na vidonge vya siku zote za safari, pamoja na vya siku chache za ziada kwa ajili ya foleni ya mpakani, amejikatia bima ambayo hakuna wakala aliyemuuzia. Na kwenye kurasa za mwisho za daftari hilo hilo kuna nafasi ya kuandika jambo jingine ambalo mara nyingi hubaki kichwani: majina ya wanaodaiwa, viasi vyao, na tarehe walizoahidi kulipa.

Kufikia saa nane, sinia tupu zinarudi kutoka Kikuubo na wapagazi wanaanza kupakia malori ya jioni. Kipimo cha presha kingechukua muda mfupi kuliko ule unaotumika kuhesabu katoni za mteja mmoja.